Mwalimu Jumlisha C na Chumba cha Dirisha Kubwa

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye karatasi ya mshahara, na huko liliishi kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Chuoni, nyumbani, hata kwa kinyozi, aliitwa Jumlisha C. Wanafunzi ndio waliombandika jina hilo, na jina ulilobandikwa na wanafunzi hulitoi hata kwa msasa.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ufundi, na kazi yake hasa ilikuwa milinganyo ya vitu vinavyobadilika: chai inayopoa, tangi linalojaa maji, uzito unaoning'inia kwenye springi ukicheza juu na chini. Hesabu hizo zina kituko chao. Unaweza kuzitatua vizuri, kila hatua ikakaa mahali pake, na bado mwisho usipate jibu moja. Unapata ukoo mzima wa majibu, yote yana sura ya kifamilia, na ndani yake imekaa herufi C. C ni namba isiyobadilika, ila mlinganyo wenyewe haujui ni ngapi. Mlinganyo wa chai utakueleza jinsi chai inavyopoa, haraka mwanzoni na polepole baadaye, lakini hautakueleza ilimiminwa ikiwa ya moto kiasi gani. Hilo limeachiwa C, na kila kikombe kina C yake.

Mwanafunzi aliyesahau kuiandika alikiona cha mtema kuni. Mwalimu alikata nusu ya alama bila kupepesa macho, halafu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: jumlisha C. Ukienda kumlilia ofisini, alikukaribisha kiti, akakuuliza kwa upole kama umeona haki kutatua kikombe chako peke yako na kuwaacha watu wengine wote duniani na chai zao.

Angeyaacha mambo hayo ubaoni, maisha yangemnyookea. Lakini mtu akikaa na kazi miaka mingi, kazi nayo huja ikakaa ndani yake, tena bila kupiga hodi. Ukimuuliza Mwalimu atarudi nyumbani saa ngapi, alikujibu saa kumi na mbili, jumlisha C. Ukimuuliza lini atarekebisha bomba la jikoni, ni Jumamosi, jumlisha C. Alipomposa mkewe alimwambia watafunga ndoa mwaka uleule, jumlisha C, na yule msichana alicheka mpaka akajishika mbavu, akadhani amepata mwanamume mcheshi. Mcheshi alimpata kweli. Ila C ile ilikula miaka mitatu, na mama yake msichana alikuwa ameanza kuulizia wachumba wengine kimyakimya.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Nje kidogo ya mji walikuwa na kiwanja chenye msingi wa nyumba, na msingi huo ulikuwa umekaa muda mrefu hata majirani wakaona si vibaya kuotesha maboga ndani yake. Mwalimu alikuwa amechora ramani inayofaa nyumba ya vyumba vitatu, na pia vinne, na ukisogeza ukuta mmoja hata vitano. Binti yao, ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe, alisema baba amejenga suluhisho la jumla: linafaa kila familia ila ile inayotaka kuhamia. Mwalimu aliufurahia sana utani huo, akaupeleka darasani. Maboga yakaendelea kutambaa.

Na ukimbana sana alikuwa na ngao yake. "C hutafutwa mwisho," angesema. Si uongo, ndivyo vitabu vinavyoelekeza: kwanza malizia kazi yote, kila kitu kiwe mezani, ndipo uanze kumsaka C. Tatizo ni kwamba kwenye mtihani mwisho una kengele, na nyumbani hakuna anayepiga kengele.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni, kati ya meza ya kulia chakula na televisheni, na sebule nzima ilikuwa imesalimu amri. Sare za shule zilining'inia kwenye fremu za milango. Mgeni aliyekaribishwa kwenye kochi alikaa kwa adabu ya kupita kiasi, kwa sababu kila aliyeketi ovyo alikutana na pini. Wateja walijaribia nguo nyuma ya kabati, huku Mwalimu akisahihisha mitihani amekipa chumba mgongo, nyuzi zimemnasa kichwani kama mvi za rangi. Mama huyu alishona chini ya balbu moja ya dari, na macho yalikuwa yameanza kumdai. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu alikuwa akiufuata kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho.

Alitaka chumba. Hakutaka kingine duniani zaidi ya chumba kimoja chenye dirisha, meza ya kukatia na mlango ambao mteja anaufungua mwenyewe kutoka barabarani. Wakati mmoja, zamani, alikaribia kukipata, karibu na posta. Mwalimu alikubali, jumlisha C, na kabla C haijapatikana chumba kikachukuliwa na muuza makava ya simu. Mpaka leo akipita pale hugeuza uso upande wa pili kana kwamba kuna mtu anayemdai.

Sasa kilikuwa kimetokea kingine, bora kuliko kile. Kilikuwa cha mkunga mstaafu, bibi mmoja aliyezalisha nusu ya mtaa na kuwaita hivyo hadi leo: huyu nilimtoa kwa miguu, yule alinipigia kelele usiku kucha. Chumba kilikuwa mbele ya nyumba yake, na dirisha lake lilikuwa pana, linapokea mwanga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Fundi alipoingia mara ya kwanza alisimama katikati, akatoa uzi mweusi mfukoni, akautunga kwenye sindano kwa mara moja bila kulamba ncha. Alitoka mle ndani akiwa ameshaamua.

Mkunga hakuwa na makuu, ila alikuwa na sharti moja. Alitaka mdhamini, na hakutaka karatasi, kwa maana karatasi, alisema, haioni haya. Siku za kazi yake alikuwa na desturi ya kumtaka baba wa mtoto asimame mlangoni pa chumba cha kujifungulia na kusema kwa kinywa chake, "Nipo." Waliosema walibaki, wengi wao. Hata kwa chumba hiki alitaka vivyo hivyo: mume aje kwa miguu yake, asimame mlangoni, aseme anasimama nyuma ya mkewe. Tena afanye hima, kwa sababu Ijumaa mchana yeye Mkunga alikuwa akisafiri kwenda kukaa na binti yake, na kulikuwa na muuza viatu aliyekuwa akikimezea mate chumba hicho kila siku. Kwa wema wake alimpa fundi ufunguo mapema, akapime dirisha kwa ajili ya pazia.

Hapa inabidi kueleza mchezo wa nyumba ile, maana bila mchezo huo mambo hayaeleweki. Miaka mingi ya kuishi na C ilikuwa imemfundisha yule mama kujihami. Sherehe ikiwa ya saa kumi, alimwambia mumewe saa nane. Basi likiondoka saa tatu, alimwambia saa moja. Mumewe naye si mtoto. Alishagundua zamani, na kila alipoambiwa saa aliongeza mbili kimoyomoyo, halafu juu yake akaweka C yake kama kawaida. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na hakuna aliyewahi kulisema. Walikuwa kama wacheza bao wawili waliozoeana, na kusema kweli walikuwa wakiufurahia mchezo.

Jumatatu jioni, cherehani imenyamaza, mkewe akamwambia: "Baba watoto, Ijumaa kabla ya saa sita. Mama Mkunga anakungoja."

Mwalimu akajibu bila kuinua kichwa kwenye mitihani kwamba atafika, jumlisha C.

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Sawa," akasema, akaendelea kushona.

Mwalimu akapiga hesabu yake. Saa sita ya mkewe ni saa nane. Kipindi chake cha Ijumaa kinaisha saa sita na nusu. Akitembea taratibu atafika saa saba, mapema kabisa, na mama watoto atabaki mdomo wazi. Alijisikia vizuri moyoni kama mtu aliyekwisha kufanya wema wenyewe. Asilolijua ni kwamba safari hii mkewe hakuweka akiba yoyote. Alikuwa amechoka na bao. Alimpa saa ya kweli, saa sita, akasema moyoni kwamba akija amekuja, asipokuja basi yeye atarudisha ufunguo na hatataka chumba tena maishani.

Ijumaa ikafika. Darasa la Mwalimu lilikuwa ubavuni mwa karakana, kwa hiyo alifundisha akishindana na mashine ya kukereza vyuma, na kila ilipozimwa alijikuta anapiga kelele peke yake. Kwenye ndoano ya dari alikuwa ametundika kifaa chake cha pekee: springi ya kitanda kikuukuu yenye kufuli zito chini yake, kufuli ambalo ufunguo wake ulipotea enzi za mkuu wa chuo aliyepita. Alilivuta kufuli, akaliachia, likawa linapanda na kushuka. Akatatua mlinganyo wake ubaoni mstari kwa mstari, kwa mwandiko uleule mzuri. Huu ulikuwa mlinganyo wa daraja la pili, kwa hiyo haukuridhika na C moja. Ulitaka mbili, C ya kwanza na C ya pili. Akazichorea duara, akapangusa mikono, akaligeukia darasa kama mpishi aliyefunua sufuria.

Nyuma ya darasa alikaa mwanamke mmoja fundi umeme, mtu mzima mwenye koleo mfukoni, aliyerudi shule baada ya kufanya kazi miaka mingi. Hakuwa mwepesi wa kuuliza. Siku hiyo alinyoosha mkono, akasema kuna jambo linamsumbua tangu muhula uanze. Kwenye mtihani swali lenyewe linakuandikia: mwanzo ilikuwa hapa, mwendo wake ulikuwa huu, unaziweka, unapata C zako. "Kazini nani ataniandikia, Mwalimu? Nikiwa peke yangu na mashine, hizi C nitazitoa wapi?"

Mwalimu akafungua mdomo na ngao ikatoka yenyewe, kwamba C hutafutwa mwisho. Fundi umeme akasema, kwa heshima zote, kwamba mwisho ameshafika, yupo pale anangoja. Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu naye akacheka, maana alipenda mtu aliyembana vizuri.

Halafu akaenda kwenye springi. Alilishika kufuli likatulia mkononi mwake, akaanza kueleza jambo ambalo, kwa miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumlazimisha kulieleza.

"Mlinganyo haukwambii," alisema. "Ukodolee macho mpaka jua lizame, hauna. Unajua springi zote zinavyocheza, lakini hii moja ilivutwa mpaka wapi, na iliachiwa vipi, haujui na hautajua. Inabidi mtu ainuke. Aende pale kitu kilipo, akiangalie kwa macho yake. C hazipatikani kwa kukaa kitini, jamani. Zinafuatwa."

Akaliachia kufuli. Mashine ya karakana ilikuwa imezimwa, na neno lake la mwisho lilisikika darasa zima, naye mwenyewe alilisikia vizuri kuliko wote. Alisimama pale akilitazama kufuli likipanda na kushuka, na badala ya kufuli akaona uzi unakatwa kwa meno. Sawa. Mkewe alisema sawa. Katika miaka yote ya kudanganyana saa, hakuwahi hata mara moja kusema sawa. Siku zote alimwandama, alimkumbusha sherehe walizokuta zimebaki sahani, alimtishia kuondoka bila yeye. Mtu anayeweka akiba ya saa mbili hasemi sawa. Na yeye alikaa na karatasi zake akakokotoa saa nane kutoka kwenye tabia za mke wake, kana kwamba mke ni springi, wala hakuinua kichwa kuangalia uso uliokuwa ng'ambo ya meza.

Saa ya ukutani ilikuwa imeivuka saa tano na nusu. Akaliambia darasa wapime wenyewe kufuli limevutwa kiasi gani, wamalizie, na kwamba fundi umeme ndiye msimamizi. Kisha akatoka, kengele haijalia, koti lake limebaki kwenye kiti na vidole vimejaa chaki. Wanafunzi walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo akitangulia kengele.

Alikimbia mbio za mtu mzima, zile za kukimbia hatua kadhaa na kutembea nyingi, mkono mmoja ukiizuia suruali. Alipita kwa wachomelea vyuma, akapita kwa kinyozi aliyemwita na asiitikiwe, akaruka dimbwi na kutua katikati yake. Kila alipotaka kupunguza mwendo, hesabu ilimjia masikioni: labda ni saa nane kweli, labda unajitesa bure. Akaiambia inyamaze.

Mbele ya nyumba ya Mkunga palikuwa na teksi, buti wazi, mizigo imo. Mkunga mwenyewe alikuwa amevaa nguo za safari, amesimama mlangoni pa kile chumba, mkono ameunyoosha. Na mbele yake alikuwa mama watoto, amesimama wima kama mtu aliyejiapiza kutolia, anaufungua ufunguo kutoka kwenye kipande cha utepe alichokuwa ameufungia.

"Usimpe," Mwalimu akasema, na pumzi zikaishia hapo. Akashika ukuta.

Mkewe aligeuka. Alitazama jua lilipo, kisha akamtazama mumewe, kisha akalitazama jua tena.

"Shikamoo, Mama Mkunga," Mwalimu akasema pumzi ziliporudi.

"Marahaba. Wewe ndiye yule mume?"

"Ndiye mimi. Nipo." Alijiweka sawa, kiatu kimoja kinavuja maji. "Nasimama nyuma ya mke wangu. Kodi ikichelewa, usimfuate yeye, nifuate mimi chuoni, darasa la karibu na karakana. Uniite mbele ya wanafunzi."

Mkunga alimwangalia juu mpaka chini, kama alivyowaangalia akina baba wengi milangoni. "Kuanzia lini?"

Hapo mkewe alifumba macho. Alikijua kilichokuwa kinakuja kama mtu ajuavyo ngazi mbovu ya nyumba yake mwenyewe. Na Mwalimu naye alikisikia kikipanda kooni, maneno yale mawili ya umri mzima, yamejipanga tayari kwenye ulimi.

"Kuanzia leo," akasema. Akafunga mdomo.

Dereva wa teksi aliwasha injini, akaizima tena.

"Jumlisha?" mkewe akauliza taratibu, macho bado ameyafumba.

"Hakuna, mama watoto. Leo nimekuja kuiangalia mwenyewe. C ni sifuri."

Yule mama alifumbua macho, na kile kilio alichokizuia asubuhi nzima kikatoka kikiwa kicheko. Alicheka kama siku ile alipoposwa, kajishika mbavu, kaegemea fremu ya mlango ambao sasa ulikuwa wake, ufunguo ameubana kifuani. Mwalimu alimtazama, akasikia haya na furaha kwa pamoja, akatamani angekuwa amekimbia hivi zamani, siku za kile chumba cha karibu na posta.

Mkunga, ambaye hakuelewa hata chembe, aliuliza huyu C ni nani.

"Ni ndugu wa mume wangu," fundi akasema, akijifuta macho kwa utepe. "Amekaa na sisi tangu tuoane. Leo amehama."

"Afadhali," Mkunga akasema, akiingia kwenye teksi. "Maana hapa chumba ni kimoja tu."